Skeli ya ndege za modeli: anza na ndege kubwa kuliko zote unazozitamani

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza kujenga ndege za plastiki ni hili: "Kaka, ninunue skeli gani?" Wengi huuliza wakiwa wameshaona boksi fulani, mara nyingi la Spitfire (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia), na wanachotaka hasa ni mtu wa kuwathibitishia kwamba boksi hilo ni zuri. Mimi huwarudishia swali: ndege kubwa kuliko zote ambayo ungependa kuwa nayo siku moja ni ipi? Jibu la hapo ndilo linaloamua skeli, hata kama ndege hiyo utaijenga miaka mitano ijayo.

Tupige hesabu. Skeli ya 1/72 maana yake sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Spitfire Mk I ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, kwa hiyo modeli yake ni sentimita 15.6. Ukienda 1/48 inafika sentimita 23.4, na kwenye 1/32 ni 35. Zote hizo zinakaa mezani bila tabu. Sasa chukua B-17G, ndege ya mabomu ya Marekani yenye mabawa ya mita 31.62. Kwenye 1/72 ni sentimita 44, kwenye 1/48 ni 66, na kwenye 1/32 inakaribia mita nzima. Aliyeanza na Spitfire ya 1/32 kwa kuvutiwa na ukubwa wake, kisha akazipenda ndege za injini nne, itambidi aziache au achanganye skeli. Na ukichanganya skeli kwenye kabati moja, Spitfire inaweza kuonekana imelingana na B-17. Kwangu mimi raha kubwa ya kuwa na modeli nyingi ni kuziona ndege zilivyopishana kwa ukubwa. Ikikosekana hiyo, zinabaki kuwa mapambo.

Halafu 1/48 na 1/72 zinasikika kama majirani, lakini sivyo. Ya 1/48 ni ndefu mara moja na nusu, eneo lake la kupaka rangi ni mara 2.25, na nafasi inayojaza ni zaidi ya mara tatu. Boksi nalo linakua, na anayeagiza kutoka Japani au Uingereza huliona hilo kwenye gharama ya usafirishaji.

Namba hizi zinazoonekana kama zimeokotwa zina chimbuko lake, nalo ni futi na inchi. Kwenye 1/72, inchi moja ni futi sita, yaani mtu mrefu wa futi sita anakuwa na kimo cha inchi moja. Kwenye 1/48, robo inchi ni futi moja. Ya 1/144 ni nusu ya 1/72. Waingereza ndio walioizoesha dunia 1/72 miaka ya 1930. Modeli za chapa ya Frog Penguin zilitoka 1936 katika skeli hiyo, na Spitfire ya kwanza ya kampuni ya Airfix ikafuata 1953. Katikati kulikuwa na vita. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao, zote za 1/72, za kuwafundishia askari kutofautisha ndege ya adui na ya kwao. Modeli ya 1/72 ukiitazama kutoka mita 10, jicho linaiona kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Ndiyo maana ilifaa kwa mafunzo, na ndiyo maana hadi leo skeli hii ina ndege za kila aina, hata zile ambazo hutazipata kwingine.

Angalizo kwa wanaonunua maboksi ya zamani: miaka ya 1950 kampuni kama Revell na Aurora zilikuwa zikitengeneza modeli nyingi kwa kufuata ukubwa wa boksi, skeli ikaja yoyote iliyotokea. Soma namba iliyoandikwa, na isipoandikwa, pima mwenyewe mabawa ya modeli kutoka ncha hadi ncha, kisha ugawanye kipimo cha ndege halisi kwa hicho ulichopata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo skeli inabadilisha kuliko yote, nalo ni unene wa vitu. Chukua bawa la 1/72 ulitazame ukingo wake wa nyuma. Kama plastiki pale ina nusu milimita, ukizidisha kwa 72 unapata milimita 36, ilhali ukingo wa bawa la kweli ni mwembamba mno. Jicho linaligundua hilo hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Dawa yake ni msasa namba 400: kabla ya kugundisha, unasugua upande wa ndani wa nusu zote mbili za bawa, taratibu, mpaka zikikutana ukingo uwe mwembamba. Mistari ya maungio ya mabati nayo ni vivyo hivyo. Mstari wenye upana wa milimita 0.2 ni sawa na milimita 14 kwenye ndege ya 1/72, lakini kwenye 1/32 ni milimita 6 tu. Kwa hiyo kwenye skeli ndogo usiujaze mstari wino mweusi, kijivu kinatosha.

Chumba cha rubani kinakwenda kinyume. Geji ya ndege yenye kipenyo cha milimita 80 inakuwa milimita 1.1 kwenye 1/72, 1.7 kwenye 1/48 na 2.5 kwenye 1/32. Ya 1.1 ni nukta nyeupe na doa la vanishi. Ya 2.5 ina mshale na namba, na mtu ataitazama. Ndiyo sababu siwashauri wanaoanza wachukue skeli kubwa wakidhani ni rahisi eti kwa kuwa vipande vinashikika. Vipande vinaongezeka, na kila sehemu iliyoachwa tupu inaonekana. Kama unachopenda ni ndege za kivita za injini moja tu, 1/48 ni chaguo zuri sana, na Tamiya, kampuni ya Japani, wana seti za skeli hiyo ambazo vipande vyake vinakutana vizuri mno. Kwa mchanganyiko wa ndogo na kubwa, chukua 1/72.

Ila mimi mwenyewe siku hizi ninajenga 1/144, kwa sababu moyo wangu uko kwenye ndege za abiria, hasa za East African Airways, shirika letu la pamoja lililokufa 1977. Ndege yake kubwa ilikuwa Super VC10, urefu mita 52.32. Kwenye 1/72 ingekuwa sentimita 73. Kwenye 1/144 ni 36, na DC-3 ya shirika hilohilo inasimama pembeni yake ikiwa na mabawa ya sentimita 20, na Comet 4 ikiwa na 24. Hapo unaona kwa macho safari ya usafiri wa anga wa Afrika Mashariki kutoka 1946, shirika hilo lilipoanza. Gharama yake ni maandishi: herufi ya sentimita 30 kwenye ndege inakuwa milimita 2, kwa hiyo usajili kama 5H-MOG au 5Y-ADA huwezi kuuandika kwa brashi. Tafuta kwanza stika za maji (zile za kulowesha kisha kubandika) zilizochapwa vizuri, ndipo ununue seti ya ndege.

Na kabla hujalipa, chukua gazeti, kata msalaba wenye urefu na upana wa modeli hiyo, uuweke pale kwenye rafu. Kisha jaribu kuufunga mlango wa kabati.