Alumini safi kwenye baridi kali: waya usiosahau ulivyoshikwa

Ukiniuliza waya gani unapitisha umeme vizuri zaidi, nami nitakuuliza: kwenye joto gani? Juu ya meza shaba inaishinda alumini bila ubishi, maana ukinzani wa alumini ni karibu mara 1.6 ya ule wa shaba. Alumini hujitetea kwa wepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, shaba karibu 9. Kwa ukinzani uleule, basi, waya wa alumini una nusu ya uzito. Shuka hadi kelvini 20 (karibu nyuzi 253 za selsiasi chini ya sifuri), haidrojeni ya kimiminika inapochemkia, na mambo yanakuwa mengine.

Elektroni hukwazwa na vitu viwili: atomi zinazotikisika kwa joto, na kasoro za ndani ya fuwele, yaani atomi ngeni na mpangilio uliovurugika. Baridi huutuliza mtikisiko, lakini kasoro hazijali baridi. Kamerlingh Onnes, mwanafizikia wa Uholanzi, alilijua hilo mwaka 1911 alipochagua zebaki kwa kupima ukinzani kwenye baridi kali, kwa sababu iliwezekana kuisafisha kwa kuigeuza mvuke na kuipoza tena na tena.

Kwa alumini tunatafuta asilimia 99.999, “tisa tano” kwa lugha ya kazini. Kwenye kelvini 4 ukinzani wake unaweza kushuka mara elfu kadhaa. Kwenye naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77, unashuka mara kumi na kidogo tu, kwani mtikisiko bado unatawala. Anayenunua tisa sita kwa kazi ya naitrojeni anatupa pesa.

Alumini ina sifa nyingine ninayoipenda zaidi. Ndani ya uga wa sumaku, ukinzani wa shaba huendelea kupanda kadiri uga unavyoongezeka. Wa alumini hupanda kidogo kisha unatulia. Ndiyo sababu mojawapo sumaku kubwa ya CMS, kigunduzi cha chembe kule CERN (maabara ya fizikia karibu na Geneva), ya tesla 3.8, ina nyaya za supakondakta, yaani kitu kisicho na ukinzani kikiwa baridi vya kutosha, zilizozamishwa ndani ya alumini safi. Supakondakta ikipoteza hali yake ghafla, mkondo unakimbilia kwenye alumini.

Sasa karaha yake. Alumini safi ni laini mno, na kila mkunjo ni kasoro mpya. Niliwahi kuzungusha waya kwenye kigurudumu chembamba kwa mikono yangu, nikaupoza, nikapata ubora, yaani mara ambazo ukinzani unashuka, usiofika nusu ya ule ulioandikwa kwenye cheti. Nikamlaumu muuzaji. Nilipoupasha moto tanurini na kuuacha upoe polepole, sehemu kubwa ya ubora ilirudi. Kosa lilikuwa langu.

Hata kipimo chenyewe kina mitego. Mita moja ya waya wa milimita 1 ya mraba, ukinzani wake ukiwa umeshuka mara 5,000, hutoa kama mikrovolti 5 tu kwa ampea 1. Tofauti za joto kwenye maungio zinaweza kuzalisha volti ya kiasi hichohicho, kwa hiyo geuza mwelekeo wa mkondo, pima tena, kisha chukua nusu ya tofauti.

Kwa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde na kupita karibu na uso wa waya, uzuri wa waya unageuka kuwa adui. Kwenye joto la chumba, mkondo wa hezi 50 huzama karibu milimita 12 ndani ya alumini. Kwenye kelvini 20, waya ukiwa safi, ni kama theluthi moja ya milimita. Katikati ya waya mnene hapabebi kitu, kwa hiyo inabidi utumie nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Ila ukizidi kuzikondesha, kwenye kelvini 4 elektroni inayosafiri sehemu ya kumi ya milimita bila kukwazwa itaugonga ukuta wa uzi wenyewe, na ukinzani unapanda tena.

Halafu kuna bili ya ubaridi. Kuondoa wati 1 ya joto kwenye kelvini 20 hudai angalau wati 14 za kazi, na mashine halisi hula mara nyingi zaidi. Chombo kinachobeba haidrojeni ya kimiminika kama mafuta yake kimeshailipa bili hiyo, na hapo naipigania alumini safi kwa nguvu zote. Mtu akitaka kununua jokofu kwa ajili ya waya peke yake, namwambia atumie shaba nene.