Kukarabati flashi iliyovunjika ili kuokoa data: maana yake na mipaka yake

Flashi iliyovunjika hukarabatiwa kwa lengo moja tu: iwake, ikae hai kwa muda wa kunakili vyote vilivyomo mara moja, kisha itupwe. Flashi nyingine utaipata dukani kwa hela kidogo. Ambazo haziuzwi ni picha za harusi, hesabu za biashara au tasnifu iliyokuwa humo peke yake. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hii hajali kichwa kimekaa kombo, wala hahangaiki kurudisha ganda la plastiki. Anatafuta muunganisho utakaovumilia nusu saa hivi.

Fungua ganda uone kilichomo. Kuna kichwa cha chuma kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kuna kontrola, chipu ya mraba inayozungumza na kompyuta. Kuna chipu ya kumbukumbu, NAND, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye flashi nyingi za zamani ina miguu 48, yaani 24 kila upande. Mara nyingi kuna pia kristali, kikopo kidogo cha chuma kinachoipa kontrola mapigo yake, na juu yake huandikwa namba kama 12.000, maana yake MHz 12. Pembeni wametapakaa kapasita na rezista wadogo, na pengine regulata ya miguu mitatu inayoshusha volti 5 za USB ziwe 3.3.

Data zimo kwenye NAND, na NAND ndiyo huwa ya mwisho kufa. Flashi iliyochomekwa kwenye laptop ikigongwa na goti, kinachong'oka ni kichwa. Ikianguka sakafuni, kristali hupasuka ndani bila kuonyesha dalili nje. Mlango wa USB ukiwa na hitilafu ya umeme, kinachoungua ni regulata, kapasita au kontrola. Kote huko data ziko palepale. Zimekatiwa njia tu.

Kuna mazoea ya "inasoma ukiibana hivi": mtu anaushikilia mwili wa flashi kwa kidole huku akinakili faili mojamoja. Hayo ndiyo yanayoharibu zaidi kuliko pigo la kwanza. Pedi za shaba ambazo kichwa kimechomelewa juu yake zimegandishwa tu kwenye bodi, na kila unapokunja zinabanduka zaidi. Baya zaidi, umeme unakuja na kukatika wakati kontrola inaandika upya ramani yake ya mahali data zilipo. Ramani hiyo ikivurugika, tatizo la nyaya nne linageuka kuwa tatizo la maabara.

Kabla ya kushika pasi ya kuchomelea, angalia kompyuta inasema nini. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika dmesg -w, kisha chomeka. Ukimya mtupu kwa kawaida una maana umeme haufiki, au imekatika njia ya D+ (USB hupitisha data kwa njia mbili, D+ na D-), kwa sababu kompyuta hutambua kwamba kuna kitu kimechomekwa kwa kuona D+ imevutwa juu. Ukiona "device descriptor read/64, error -71", kompyuta imeona kifaa lakini mazungumzo yanakatika: D- haijagusa, kichwa kinacheza, au kristali imekufa. Windows hapo hutoa kosa namba 43. Flashi ikionekana kwa jina ila ukubwa wake ni sifuri, kontrola iko hai lakini haiifikii NAND, au imepoteza programu yake ya ndani. Na kama ukubwa ni kamili ila unaambiwa uformati, weka pasi chini: bodi ni nzima, na kazi iliyobaki ni ya programu.

Kwenye hali ya ukubwa sifuri watu wengi hushusha mtandaoni programu za kiwandani za kontrola, zile zinazoitwa MPTool. Flashi hufufuka kweli, ikiwa tupu. Programu hizo huianzisha NAND upya na kufuta ramani na vilivyomo. Kwa anayetaka flashi ni dawa. Kwa anayetaka data ndio mwisho wa safari.

Sasa kichwa kilichong'oka, kesi inayoongoza kwa mbali na inayotibika kirahisi. Pini ni nne, na mpangilio wake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni volti 5, D-, D+, GND (upande hasi wa umeme). Huhitaji mchoro kuzitambua. Weka multimita upande wa mlio, gusa uwanja mpana wa shaba wa bodi au miguu ya ganda la kichwa, kisha gusa pini za pembeni: itakayolia ni GND. Ya ukingo wa pili ni volti 5. Iliyo jirani na GND ni D+, iliyo jirani na volti 5 ni D-. Flashi ya USB 3 ina pini tisa, lakini nne hizi za zamani zinatosha. Itafanya kazi kwa mwendo wa USB 2, na kwa kuokoa data huo unatosha kabisa.

Kata waya wa USB usiotumika. Kwa kawaida mwekundu ni volti 5, mweupe D-, wa kijani D+, mweusi GND. Ila waya za bei rahisi hazifuati rangi, hivyo pima kila mmoja kutoka kichwani hadi ncha. Kubadilisha mweupe na wa kijani hakuunguzi kitu, flashi haitatambulika tu. Kubadilisha mwekundu na mweusi kunaweza kuua kontrola mara moja, na NAND inaweza kuondoka nayo.

Anza kwa kuufunga waya kwenye bodi kwa gundi ya moto au utepe, kabla ya kuchomelea chochote, ili ukivutwa usibandue pedi. Acha sentimita moja tu ya nyaya zilizovuliwa, nyeupe na ya kijani zikiwa zimesokotana na zenye urefu sawa. Hili si urembo: njia hizo mbili hubeba megabiti 480 kwa sekunde, na zikitawanyika ovyo flashi hukatika katikati ya kunakili au huanguka hadi megabiti 12. Kwa mwendo huo wa pili, GB 32 zitakula kama saa 9.

Pasi iwe na ncha nyembamba, nyuzi 320 hadi 350. Tumia risasi ya kuchomelea ya 60/40 (bati 60, madini ya risasi 40) yenye unene wa milimita 0.5, na flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ya kutosha. Bodi nyingi zimechomelewa kiwandani kwa risasi isiyo na madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ongeza kwanza tone la 60/40 juu yake ichanganyike, itayeyuka kwa joto dogo zaidi. Gusa pedi sekunde mbili, usizidishe tatu. Ukigandamiza pasi ukidhani risasi imekataa kushika, utaondoka na pedi kwenye ncha.

Pedi ikiwa imeshaondoka, kazi bado ipo. Fuata njia yake ya shaba kwa lenzi ya kukuzia, kwangua rangi ya juu milimita mbili kwa ncha ya wembe mpya hadi shaba ing'ae, ipake risasi, kisha unganisha kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa ndani ya waya wa kawaida. Njia ikiwa imekatika yote, D+ na D- mara nyingi hupita kwenye rezista mbili ndogo zilizokaa sambamba karibu na kontrola, chomelea hapo.

Ukimaliza, usichomeke bado. Pima kati ya volti 5 na GND. Ikionyesha karibu na omu sifuri, kuna shoti: huenda risasi imeruka pini, huenda kapasita limekufa, huenda ni kontrola. Kisha weka multimita upande wa dayodi, ncha nyekundu kwenye GND, nyeusi kwenye D+ halafu D-. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana. Moja ikionyesha njia wazi na nyingine haionyeshi, waya huo haujashika. Mara ya kwanza tumia kigawanyaji cha USB (hub), usichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta unayoitegemea. Flashi ikipata moto mkali ndani ya sekunde chache, chomoa.

Kichwa kikiwa kizima na volti 5 zinafika lakini kuna ukimya au kosa -71, pima mguu wa kutoka wa regulata. Kama hakuna 3.3, ibadilishe, au ondoa kapasita lenye shoti upande huo. Bodi nyingi huwaka bila kapasita moja. Zikiwepo 3.3, badilisha kristali kwa nyingine yenye namba ileile.

Kontrola ikiwa imekufa, hatua inayofuata ni kuing'oa NAND kwa bloa ya hewa moto. Mafundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, wanaing'oa bila shida. Kung'oa si tatizo. Tatizo ni kwamba kinachosomwa humo si faili. Kontrola huzichanganya data kwa hesabu ya XOR, huzigawa kurasa huku na huko, na huongeza namba za kusahihisha makosa, na kila aina ya kontrola ina mtindo wake. Kuzipanga upya kunahitaji vifaa kama PC-3000 Flash na mtu anayevijua. Njia ya mkato ipo: kuihamishia NAND kwenye bodi ya flashi nyingine yenye kontrola ileile kabisa na programu ya ndani ileile. Jina la nje la flashi halitoshi kuthibitisha, kwa kuwa mtengenezaji mmoja hubadilisha kontrola ndani ya ganda lilelile. Na kama kontrola ilikuwa inasimba data, ikifa hakuna wa kuzisoma.

Vile viflashi vyembamba vidogo ni habari nyingine. Ukivifungua unakuta bamba jeusi moja, kontrola na NAND vimezikwa pamoja ndani yake. Kadi za microSD ziko hivyo pia. Maabara hukwangua rangi ya upande wa chini, hufichua vituo vya siri na kuchomelea nyaya nyembamba mno chini ya darubini. Nyumbani usijaribu. Na bamba au NAND iliyopasuka yenyewe hairudishwi na maabara yoyote.

Iliyofuliwa mfukoni au kutumbukia baharini usiichomeke "kuangalia kama bado". Maji bila umeme hudhuru kidogo. Maji na umeme huunguza. Ioshe kwa maji yaliyotoneshwa kuondoa chumvi, kisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa mswaki laini, uiache ikauke siku nzima. Mchele hauondoi chumvi.

Ikishawaka, usifungue folda uanze kuchagua. Usikubali kuformati wala kurekebishiwa makosa. Kwenye Linux tazama jina lake kwa amri ya lsblk (hapa ni sdb), kisha nakili yote kwa programu ya ddrescue:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb flashi.img flashi.map

Chanzo hutangulia, nakala hufuata, ukigeuza, umefuta. Diski ya kompyuta iwe na nafasi kubwa kuliko ukubwa wote wa flashi, hata kama ilikuwa nusu tupu. Muunganisho ukikatika, rekebisha waya na rudia amri ileile: faili ya .map inakumbuka ilipofikia. Sehemu zilizogoma zirudie mwishoni, ukiweka -r3 mahali pa -n. Kuanzia hapo flashi iache, fanya kazi kwenye nakala: jaribu programu ya TestDisk kwanza, kwa sababu huweza kurudisha majina na folda. PhotoRec iwe ya mwisho, kwani hutoa picha na nyaraka zikiwa na namba badala ya majina, na kuzipanga faili elfu tatu ni kazi ya jioni kadhaa.