Chapa za Marot si picha za majumba yaliyojengwa

Wengi wakiona chapa kuukuu za Kiholanzi (picha zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa) za mtindo wa Baroko, sanaa ya Ulaya yenye mapambo mengi, hudhani zinaonyesha majengo yaliyokuwepo. Nyingi sivyo. Daniel Marot, Mprotestanti mzaliwa wa Paris, alikimbilia Uholanzi miaka ya 1680 na kumtumikia William III, mtawala wa Uholanzi aliyekuja kuwa pia mfalme wa Uingereza, hata kwenye kasri la Het Loo. Lakini michoro yake, iliyokusanywa kitabuni The Hague mwaka 1703, ilikuwa zaidi ni vielelezo vya kuchagulia: mafundi na wateja wachukue wanachotaka. Chapa za michoro ya mapambo za enzi hizo ukizitazama kwa karibu, mara nyingi nusu ya kushoto ya meko ya ukutani haifanani na ya kulia. Mchongaji hakukosea, ni mapendekezo mawili kwenye bamba moja la shaba. Mimi hapo ndipo ninapozipenda zaidi.