Tazama Shingo Kwanza, Miguu Baadaye

Jumamosi iliyopita tulifungwa 2–1 kwenye nusu fainali ya vyuo. Nilikuwa bado naokota koni na chupa za maji pale mzee mmoja, mtu mzima ninayemheshimu na asiyekosa mechi zetu, alipoukata uwanja na kuja moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Mwalimu, huyu namba sita unampangia nini? Mzito. Haonekani uwanjani. Huyu si mchezaji."

Aliyasema kwa sauti. Namba sita mwenyewe, kiungo wetu mkabaji, alikuwa amekaa chini, hatua tatu kutoka pale, anafungua kamba za viatu. Ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza. Aliendelea kuifungua kamba ileile kwa muda mrefu sana.

Nafundisha vijana mwaka wa 14 sasa: mchana timu ya chuo, jioni kituo kidogo cha watoto wa miaka 12 hadi 16. Maneno ya mzee yule, na mengine ya aina hiyo, nimeshayasikia kwa wazazi, kwa mawakala, kwa walimu wenzangu na kwa madereva wa bodaboda wanaoegesha nyuma ya goli. Safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Dhana: "Nimemuona leo kwa macho yangu, hafai"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Shabiki akija uwanjani anatazama mpira. Ukienda kulia, macho yote yanaenda kulia. Lakini katika dakika 90 mchezaji mmoja hukaa na mpira mguuni dakika mbili hivi, tatu zikizidi. Dakika nyingine zote anacheza bila mpira: anasogea, anafunga njia za pasi, anamwita mwenzake, anaangalia nani amejificha mgongoni kwake. Aliyefuata mpira tangu mwanzo hadi mwisho amemuona kijana kwa dakika mbili, halafu anatoka getini na hukumu ya maisha yake yote.

Chukua goli lao la pili. Ni dakika ya 71. Winga wetu wa kushoto anapiga chenga mbili safi, watu wanasimama. Ya tatu ananyang'anywa, anashika kiuno. Beki wake wa kushoto ameshapanda kumsaidia, kwa hiyo upande wote ule uko wazi. Anayeliona hilo kwanza ni namba sita. Anaacha katikati, anakimbia kama mita 40, anamkuta mtu wao pembeni ya boksi na kumchelewesha. Mpira unarudishwa katikati, palepale alipotoka, ambapo palitakiwa paingie namba nane wetu, kiungo mwenzake, na hakuingia. Shuti, goli.

Picha iliyobaki machoni mwa watu ni ya namba sita akigeuka huku amechelewa. Winga nilisikia anasifiwa getini. Sisemi winga ni mbaya, ana miguu ya kuonewa wivu. Nasema goli lile lilianzia kwake, likapita kwa namba nane, na aliyejaribu kulizuia ndiye aliyebebeshwa.

Mimi huwa na daftari la mistari na penseli. Kila mechi nachagua vijana wawili au watatu, namtazama kila mmoja kwa dakika kumi mfululizo, mpira uende unakotaka. Natazama shingo. Kila anapogeuza kichwa kuangalia nyuma au pembeni kabla mpira haujamfikia, napiga mstari. Jumamosi ukurasa wa namba sita ulijaa hadi pambizoni. Wa winga mistari haikufika kumi.

Hili sikulibuni mimi. Geir Jordet, profesa wa Norway, ametumia miaka mingi kuchambua video za wachezaji wa Ligi Kuu ya England, wakiwemo viungo, wakati mpira ukiwa bado njiani kuwafikia, akihesabu wanageuza vichwa mara ngapi. Waliotazama zaidi walifikisha pasi zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa kwenye pasi za kwenda mbele. Frank Lampard, kiungo wa zamani wa Chelsea, alikuwa miongoni mwa waliogeuza kichwa mara nyingi kupita wengine. Kijana anayejua kilichopo nyuma yake kabla hajapokea anaonekana "hana haraka". Wengi huuita utulivu huo uzito.

Kuna na mambo ambayo mtu wa jukwaani hana njia ya kuyajua. Hajui nilimwagiza nini. Siku ile nilimkataza namba sita asivuke mstari wa kati, kwa sababu namba kumi wao alikuwa hatari kwenye mpira wa kushtukiza. Watu wakalalamika kwamba "hapandi". Hawakujua pia kwamba asubuhi alikuwa chumba cha mtihani, akanywa chai na chapati mbili saa nne, na mechi ikaanza saa kumi. Katika umri huu usingizi wa usiku mmoja na sahani moja ya wali vinaweza kumgeuza mchezaji akawa mwingine kabisa. Mtu mzima wa ligi kuu ana mpishi na basi la timu. Kijana wa chuo ana bumu (fedha za mkopo wa masomo) lililochelewa.

Nikitaka kusema lolote la maana juu ya kijana, nahitaji kumuona angalau mechi tano: moja tumeshinda, moja tumefungwa, moja ya vumbi, moja ya mvua, moja nimempanga namba asiyoizoea. Na nahitaji kumuona mazoezini Jumatatu baada ya kufungwa. Hapo Jumatatu ndipo najifunza zaidi. Nani amefika wa kwanza, nani anaomba maelezo, nani anatafuta wa kumlaumu.

Hata wanaofanya kazi hii kwa mshahara mkubwa hukosea. Mei 2013, mechi ya mtoano ya kuwania kupanda daraja, Leicester City dhidi ya Watford huko England: kwenye benchi la Leicester walikuwepo washambuliaji Jamie Vardy na Harry Kane, wote wawili. Kane alikuwa kwa mkopo, baada ya kupita Leyton Orient, Millwall na Norwich, na utotoni Arsenal walishamwacha. Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16. Msimu wa 2015/16 Kane akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya England kwa magoli 25, Vardy akafunga 24 na kutwaa ubingwa na Leicester ileile. Aliyewatazama benchini siku ile ya Mei angesema nini?

Na hapa kwetu Tanzania nilikuwepo Uwanja wa Taifa Aprili 2019, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilipofanyika nyumbani. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, walifungwa na Nigeria 5–4, na Uganda 3–0, na Angola 4–2. Kutoka pale hadi kituo cha daladala sikusikia sentensi nyingine ila "kizazi hiki hakuna kitu". Kelvin John alikuwemo kwenye kikosi hicho. Miaka miwili baadaye alikuwa mchezaji wa Genk ya Ubelgiji.

Dhana: "Ana mwili, huyo ndiye mchezaji"

Hii inanikera zaidi kwenye kituo cha watoto kuliko chuoni, kwa sababu huko ndiko inakowaondoa wengi mapema.

Mvulana hupita kipindi cha kurefuka ghafla, wastani akiwa na miaka 13 au 14, na kwa mwaka mmoja anaweza kuongeza sentimita tisa hata kumi. Lakini mmoja kipindi hicho kinampata ana miaka 12, mwingine 15. Ukiwaweka kwenye timu moja ya chini ya miaka 15, unachanganya kijana wa ndevu na mtoto. Wa ndevu atashinda kila mpira wa juu, atamkimbia kila mtu, na watu watasema kipaji. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kimo. Kama hakuwahi kulazimika kufikiri, kwa sababu mbio zilikuwa zinamtosha, hapo ndipo anapokwama. Yule mdogo aliyekuwa anasukumwa amejifunza kuachia mpira mapema, kugeuka, kujificha, kutumia mgongo. Akirefuka naye, anabaki na vyote.

Vituo kadhaa vya England siku hizi mara nyingine huwapanga watoto kwa hatua ya ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa. Mimi sina vipimo vyao. Nina ukuta wa darasa wenye alama za penseli, nawapima kila miezi mitatu. Ninapoona mtoto ameruka sentimita nyingi kwa muda mfupi, namwambia mzazi mapema: miezi michache ijayo mguso wake wa kwanza utaharibika, mpira utamkimbia, usimgombeze. Miguu imerefuka na mwili bado unaitafuta mizani yake. Akianza kuumwa chini ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi, msimchue na kumrudisha uwanjani kesho yake. Mpunguzieni mazoezi, apelekwe kwa daktari.

Dhana: "Miaka 18 hajatoka, basi tena"

Mashindano mengi ya vijana hukata umri tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Desemba anashindana na aliyemtangulia karibu mwaka mzima. Mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta alizaliwa 23 Desemba 1992. Alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akakaa huko miaka, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, na Ulaya aliingia Januari 2016 akiwa na miaka 23. Mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Tarehe 1 Machi 2020 akafunga goli Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, akiwa na Aston Villa. Namba sita wangu wa miaka 19 ana muda.

Dhana: "Mpunguzieni umri, aonekane"

Hapana. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri. Vijana wote wa kikosi kile walipoteza safari yao. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA hutumia picha ya MRI (kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono kuona kama mifupa imeshaungana, dalili kwamba kijana ameshavuka umri huo. Atakayeniletea cheti cha kuzaliwa cha pili nitamrudishia palepale.

Dhana: "Kipa kachoma"

Kipa kijana huiva mwisho kuliko wote, kwa kuwa kazi yake kubwa ni uamuzi, na uamuzi huja na mechi nyingi. Kosa la straika linasahaulika kabla ya mapumziko, la kipa linaandikwa kwenye ubao wa magoli. Ukitaka kumpima, tazama alisimama wapi mpira ulipokuwa bado mbali. Na tazama anachofanya dakika tano baada ya kufungwa: je, anatoka tena kudaka krosi, au amejigandisha kwenye mstari?

Dhana: "Shule inaua kipaji"

Giorgio Chiellini alipata shahada ya uzamili ya biashara huku anachezea Juventus. Vincent Kompany aliipata yake huku ni nahodha wa Manchester City. Kwangu asiyeingia darasani hapangwi, na wazazi wanaokuja kuniombea msamaha wanajua jibu.

Dhana: "Tukimpigia kelele anaamka"

Kijana ana mpira, ana sekunde moja. Kocha amemwambia ageuke, nyuma ya goli wanapiga kelele "piga!", upande wa pili "toa!". Sauti tatu, mguu mmoja. Matokeo yake ni mpira kutoka nje na watu kusema hana akili. Jaribuni mechi moja kukaa kimya mpira unapokuwa mguuni kwa kijana wenu, mpigieni makofi baada ya uamuzi wake, hata ukiwa mbaya. Mtaona anageuza kichwa mara ngapi zaidi.

Jumatatu namba sita alifika mazoezini saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya wote, akaniomba daftari. Nilimwonyesha ukurasa wake. Akahesabu mistari kimya kimya kwa kidole, akageuza ukurasa, akahesabu na ya namba nane. Kisha akauliza kama anaweza kuongea naye kabla hatujaanza. Nikawaacha wakae wawili chini ya mwembe.

Jumamosi hii tunacheza mechi ya mshindi wa tatu, saa kumi kamili. Mzee wangu nimeshamtumia ujumbe aje mapema akae karibu na benchi. Penseli ya pili ninayo.