Shingo haijafa: maneno ninayoyasikia kila siku kuhusu magitaa ya umeme ya mtumba

Wiki iliyopita kaja kijana kutoka Kiborloni, kapanda kosta ya asubuhi kutoka Moshi na gitaa kalifunga kwenye kitenge cha mama yake, kafika hapa Kaloleni, Arusha, saa nne, hata salamu haijaisha ananiambia "fundi, shingo imekufa, wewe niangalizie pikapu tu kama zinauzika", yani vile vinasa sauti vilivyoko chini ya nyuzi. Nikamuuliza nani kasema imekufa, akasema jamaa mmoja wa duka la vyombo vya muziki ndo kamwambia, tena kamwekea elfu themanini alichukue kama vipuri. Aisee hilo neno nimelisikia mara ya nne mwezi huu na kila mara nikilipima gitaa lenyewe nakuta shingo nzima kabisa. Kwahiyo leo naandika, nimechoka kulirudia mdomoni.

Elewa kwanza kinachofanyika pale. Seti ya kawaida ya nyuzi za umeme, ile tunayoita namba 9 kwa unene wa uzi wake mwembamba kabisa, ikishatyuniwa inavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 38 hivi, usiku na mchana, upige usipige. Ukipanda namba 10 unakaribia kilo 46. Mbao nyembamba namna ile haiwezi kubeba mzigo huo peke yake miaka na miaka, ndo maana ndani ya shingo kuna nondo ya chuma na mwisho wake kuna nati ya kukazia na kulegezea. Thaddeus McHugh wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya nondo ya namna hiyo 1921, sio kitu cha juzi. Naye Leo Fender, mwenye kampuni ya Fender, 1950 alipoanza kutoa magitaa yake ya bapa yasiyo na uwazi tumboni, ya mwanzo kabisa hayakuwa na nondo, shingo zikaanza kuinama, akarudi akaiweka. Yani kiwanda kilishajua shingo itacheza, kikakuwekea na dawa humohumo ndani, alafu mtu anakuangalia gitaa lako kwa jicho moja sekunde tano anakwambia limekufa!

Alafu shingo haitakiwi kunyooka kama rula. Uzi ukiupiga unatikisika, na unapotikisika unatanuka zaidi katikati, sasa shingo isipokuwa na kauwazi kadogo uzi lazima ugonge freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kwahiyo kuinama kidogo ni sahihi, swali ni kidogo kiasi gani, na hicho kiasi kinapimwa, hakikisiwi.

Kupima ni hivi, na huhitaji kuja kwangu. Tyuni gitaa kama kawaida. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, alafu bonyeza uzi huohuo kwenye freti ya mwisho kwa kidole cha mkono wa kulia, hapo uzi wenyewe umekuwa rula yako. Mwambie mdogo wako achungulie kwenye freti ya saba au ya nane, kati ya chini ya uzi na juu ya freti. Chukua karatasi za fotokopi, ile A4 ya kawaida ya gramu 80, moja ina unene wa kama milimita 0.1. Zikipita mbili kwa kugusagusa, gitaa lako liko vizuri na mtu asikudanganye. Zikipita tano sita shingo imeinama mbele sana, nondo inataka kukazwa. Hata moja isipopita, uzi umelala juu ya freti, basi shingo imenyooka mno au imeenda nyuma, nondo inataka kulegezwa. Basi. Karatasi za shilingi mia pale stesheneri zinakujibu kuliko mtu yeyote dukani.

Na kubazi, ile sauti ya uzi kugonga freti, sio jina la ugonjwa mmoja. Likibazi freti ya kwanza mpaka ya tano tu, mara nyingi shingo imenyooka mno. Likibazi kuanzia ya kumi na mbili kwenda juu, angalia nyuzi zimeshushwa mno kule kwenye briji, pale zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, au shingo imeinama mbele kupita kiasi. Likibazi ukiupiga uzi mtupu tu, ukibonyeza freti yoyote linaacha, hapo mfereji wa ile nati ya kichwani umeliwa umekuwa na kina, sio ile nati ya nondo, hii ni kijipande cha plastiki au mfupa nyuzi zinapopita, kinabadilishwa. Likibazi sehemu moja tu basi kuna freti jirani imenyanyuka, inagongwa au inasawazishwa kwa msasa. Humo mote hamna kifo.

Turudi kwa kijana wa Kiborloni. Nimelilaza gitaa mezani, nikapima, zikapita karatasi tisa. Kweli ilikuwa imeinama, ukiitazama kwa pembeni unaona upinde. Lakini kabla sijagusa nondo macho yangu yakaenda kwenye nyuzi, zina ile rangi ya dhahabu, nne nene na mbili nyembamba. Nikamuuliza hizi umenunua wapi, akasema alipewa na mwenzake wa kwaya zilibaki. Hizo ni nyuzi za gitaa kavu, lile lisilo la umeme, jamani, namba 12, seti ya namna hiyo inavuta zaidi ya kilo 70! Umeichukua shingo iliyozoea kilo 38 ukaitwisha karibu mara mbili alafu unashangaa imeinama. Na ndo hapohapo nikaelewa kwanini pikapu nazo aliambiwa zimechoka. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, haisikii hewa kama maiki, inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Zile nyuzi nene za gitaa kavu kwa nje zimezungushiwa madini ya jamii ya shaba ambayo sumaku haina habari nayo, inasikia ule waya wa chuma ulioko ndani tu, kwahiyo nyuzi nne zinatoa sauti ya kuzimia na zile mbili nyembamba zinapiga kelele. Tatizo moja, watu wakalifanya mawili, na gitaa likahukumiwa kwenda kuwa vipuri.

Nikatoa nyuzi, nikaweka namba 10 za umeme, nikatyuni, zikapita karatasi tano. Nikakaza nondo robo mzunguko, nikatyuni tena, nikaliacha tukanywa chai. Robo nyingine. Zikapita mbili na nusu, tukaliacha mpaka mchana maana mbao haiitiki papo hapo, tuliporudi zilikuwa mbili. Sikuongeza kitu. Nimemlipisha nyuzi na kazi ya saa moja, na kwa elfu themanini ya yule jamaa sijui angepata nini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki mbili nzima lile gitaa lilikuwa limelazwa kati ya viti viwili na matofali juu, kuna mtu alimshauri. Naomba hilo liishe. Na la kuanika juani liishe, joto linalegeza gundi ya ubao wa freti na hapo ndo unatengeneza kifo ambacho hakikuwepo.

Sasa kuna kundi la pili, hawa wamegundua kuna nati ya nondo na wanaikaza kila nyuzi zikiwa juu. Kaka, nondo haishushi nyuzi! Nondo inarekebisha upinde, nyuzi zinashushwa kwenye briji, kwa zile skrubu ndogo za kila uzi au zile mbili za pembeni. Anza na upinde, ukishakaa sawa ndo unaenda briji, chukua rula ya shule upime kwenye freti ya kumi na mbili, milimita moja na nusu mpaka mbili inatosha watu wengi. Ukikaza nondo ili nyuzi zishuke utakaza mpaka ikatike, na hapo ndo shingo imekufa kweli.

Spana nayo. Fender nyingi za kisasa za Marekani zinataka spana ya L ya inchi 1/8, karibu milimita 3.2, mtu anachomeka ya milimita 3 kwa sababu ndo aliyonayo kwenye seti ya baiskeli, inacheza, inakula pembe za nati, siku nyingine hata spana sahihi haishiki tena. Gibson ni nati ya nje, spana inaivaa juu, ya inchi 5/16. Makopi mengi ya Asia ni milimita 4 au 5. Isipokaa imara usizungushe, njoo uazime.

Na wale wanaolegeza nyuzi zote kila usiku eti shingo ipumzike, acheni. Nondo na nyuzi zinavutana zikisawazishana, wewe kila siku unaondoa upande mmoja. Liache limetyuniwa.

Shingo iliyokufa ipo, sikatai. Iliyojinyonga, yaani ukichungulia kutoka kichwani unaona upande wa uzi mnene na wa uzi mwembamba haviendi sambamba, hiyo ngumu. Nati inayozunguka bila kushika, nondo imekatika. Nati iliyofika mwisho na karatasi sita bado zinapita, hapo fikiria mara mbili. Ila kichwa kilichovunjika kikagundishwa vizuri usikikimbie, kinashika miaka, we shusha bei tu.

Mengine nayapitia haraka.

"Limeandikwa Gibson, basi ni Gibson." Maandishi yanachapwa, na serial namba nayo inachapwa. Fungua kile kifuniko kidogo pale kichwani, Gibson halisi kinashikwa na skrubu mbili na ndani unakuta nati ya nje ile ya 5/16. Ukikuta skrubu tatu na ndani tundu la spana ya L, rudisha hela yako mfukoni. Kuna machalii wangu wawili wa Ngarenaro walishalia kwa hili, nisingependa wawe watatu.

"Squier ni feki ya Fender, Epiphone ni feki ya Gibson." Hapana. Squier ni jina la Fender wenyewe, magitaa yenye jina hilo yalianza kutoka Japani 1982. Epiphone iko mikononi mwa Gibson toka 1957. Ni ya bei nafuu ila ni halali, na Squier iliyopangwa vizuri naichukua mbele ya Fender ambayo haijaguswa miaka kumi.

"Nikibadilisha pikapu gitaa litakuwa jipya." Hili nalo linakula hela za watu. Mtu ana nyuzi za toka mwaka juzi zina kutu, vitufe vya kutyunia vinateleza, freti zimeliwa mashimo, anaagiza pikapu. Mpangilio wangu ni huu na siubadilishi kwa mtu: nyuzi mpya, shingo, briji, nati ya kichwani, alafu upige mwezi mzima. Kama bado sauti haikufurahishi hapo njoo tuongee pikapu, na wengi hawarudi. Tena kabla ya kununua chukua bisibisi, shusha hizo ulizonazo kidogo kidogo, zikikaa karibu mno na nyuzi sauti inavurugika na sumaku inauvuta uzi.

"Linanguruma, pikapu imeungua." Pikapu ya koili moja, yani yenye msokoto mmoja wa waya, inanguruma kwa asili yake, inanasa umeme wa nyumbani, ndo sababu Seth Lover wa Gibson alitengeneza ya koili mbili 1955. Iliyoungua mara nyingi inanyamaza, hainungurumi. Ukishika nyuzi ngurumo ikapungua, waya wa athi kwenye briji upo mzima. Isipobadilika chochote, fungua uangalie huo waya na jeki, pale unapochomeka waya wa gitaa, risasi ya kuchomea tone moja inamaliza. Ila ukishika nyuzi alafu mdomo ukigusa maiki unapigwa shoti, hapo simama kabisa, usipige hata wimbo mmoja. Hiyo ni athi ya ampu au ya jengo, na kwenye makanisa kadhaa nimekuta plagi imekatwa pini ya tatu ili iingie kwenye soketi mbovu. Rudisheni hiyo pini. Watu wanakufa kwa hili.

Na ukinunua ampu ya mtumba, geuza nyuma usome kabla hujachomeka. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, ukutani kwetu ni 230. Nyingine zina swichi ya kuchagua, nyingi hazina. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, weka bei ya transfoma ya kushusha umeme kwenye hesabu yako palepale sokoni, na muuzaji akikwambia "chomeka tu inakubali" mwambie achomeke yeye.