Duara katikati ya sabuni: kuidhibiti jeli kwenye joto la Mtwara

Ukikata mche wa sabuni ya baridi, yaani ile isiyopikwa jikoni, ukakuta katikati pana duara la rangi iliyokolea na pembeni rangi imepauka, usiitupe. Haijaharibika, wala kostiki haijajikusanya pale kati kama wengi wanavyodhani. Sabuni ilianza kuingia kwenye jeli ikaishia njiani, basi. Kwa sisi wa huku Mtwara na Lindi duara hilo ni usumbufu wa mara kwa mara, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyafuata yametungwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia ukishamimina, lifunge boksi la sabuni kwa blanketi. Blanketi, hapa Shangani, Mtwara, mwezi Desemba!

Mafuta yakikutana na kostiki soda hugeuka sabuni na glisarini, na mmenyuko huo unatoa joto lake wenyewe hata kama hujawasha jiko. Joto likipanda vya kutosha ndani ya boksi, mara nyingi kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, ile rojo nyeupe hulainika, hukolea rangi na kuanza kupitisha mwanga, kama mafuta ya mgando. Hiyo ndiyo jeli. Huanzia katikati, maana pembeni joto linatoroka, halafu hutanuka taratibu kuelekea kingo. Ikizifikia kingo zote, sabuni nzima imepita. Ikiishiwa nguvu kabla, unabaki na duara.

Kitu ambacho maelekezo mengi hayasemi ni kwamba kiwango hicho cha joto hakikai mahali pamoja. Sabuni yenye maji mengi huingia jeli kwenye joto dogo. Yenye maji machache hudai joto kubwa zaidi. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuidhibiti jeli ni maji, kabla hujafikiria blanketi wala friji. Joto la chumba hapa kwetu huwezi kulibadilisha sana, lakini maji unayapima mwenyewe kwenye mzani.

Tuchukue mfano wa kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese gramu 400, ufuta gramu 300. Ukiacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa sabuni, kostiki inayohitajika ni kama gramu 144. (Ukibadilisha mafuta, hata kwa kupunguza nazi kidogo tu, piga hesabu upya, kila mafuta yana kiwango chake, na ya nazi yanakula kostiki nyingi kuliko hayo mengine mawili.) Sasa maji. Ukiweka gramu 370, jeli inakuja kirahisi. Ukiweka mara mbili ya kostiki, yaani gramu 288, uko katikati, na ndiko maduara mengi yanakozaliwa. Ukishuka hadi mara moja na nusu, gramu 216, jeli inakuwa ngumu kutokea, hasa ukimimina kwenye vikalibu vidogo vya kipande kimoja kimoja badala ya boksi refu la mbao. Usishuke chini ya uzito sawa kwa sawa, kostiki haitayeyuka yote.

Je, jeli ni nzuri au mbaya? Si suala la usafi. Sabuni iliyopita jeli na ambayo haikupita zote zinatoa povu na kuondoa uchafu vilevile. Iliyopita inakuwa na mng'ao, rangi imekolea, na inakazana mapema, hivyo unaikata kesho yake. Ambayo haikupita inabaki na sura ya maziwa, rangi za upole, na inataka siku mbili tatu, wakati mwingine nne, kabla ya kuikata, la sivyo kingo zinamomonyoka kwenye kisu. Mimi kwa sabuni ya manjano, mkaa na ya mawese mekundu naitaka jeli, na naitaka nzima. Rangi ya manjano bila jeli inachosha macho. Kwa sabuni ya tui la nazi siitaki kabisa, nitaeleza.

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, hadi mvua zitakapotulia, joto la mchana huku pwani halishuki kirahisi chini ya nyuzi 30. Wakati huo jeli nzima haihitaji msaada mkubwa. Boksi la mbao, maji ya kiasi cha juu, mafuta na maji ya kostiki yote yakiwa kwenye nyuzi 38 hadi 40, mfuniko, na kanga moja juu kuzuia upepo. Usiweke boksi karibu na feni upande mmoja, maana upande huo utapoa na mstari wa jeli utakwenda kombo. Baada ya saa moja au mbili inua mfuniko kwa sekunde chache uangalie: ukiona katikati pameiva rangi na kingo bado, funika tena uache kuchungulia. Kila ukifunua unalitoa joto unalolihitaji.

Kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, mambo yanageuka. Dalili utaiona kwenye chupa ya mafuta ya nazi: asubuhi yamekuwa na ukungu au yameganda, maana chumba kimekaribia nyuzi 24. Siku hiyo boksi lile lile na vipimo vile vile vitakupa duara. Ninachotumia ni deli la barafu, haya ya wauza samaki na aiskrimu. Naweka boksi ndani na chupa mbili za maji ya moto pembeni, nafunga, naliacha hadi kesho. Deli halijui baridi wala joto, linashika kile ulichokiweka. Ndiyo maana msimu wa joto nalitumia kinyume: chupa za maji yaliyoganda badala ya moto, na vikalibu vya sabuni ya tui juu ya kichanja ili hewa ipite chini. Vifunike vizuri. Chupa baridi hutoa jasho, na tone la maji juu ya sabuni mbichi linaacha alama.

Friji nayo inafaa, umeme ukiwepo kwa saa 24 mfululizo. Ukikatika katikati ya usiku, sabuni iliyokuwa imetulia inapata joto tena, na asubuhi unakuta duara dogo ambalo hukulipanga. Deli lenye barafu ya kutosha naliamini zaidi.

Ukitaka kuzuia jeli, kila kitu kianze na ubaridi. Kostiki ikiingia kwenye maji, joto linaweza kupita nyuzi 80 ndani ya dakika moja, na mchana wa huku kungoja lishuke ni kazi. Gandisha sehemu ya maji, ihesabu barafu hiyo ndani ya kipimo cha maji, mwagia kostiki taratibu juu ya barafu huku ukikoroga mpaka usione punje hata moja. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Tumia chombo cha plastiki ngumu au stenlesi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Hilo si jambo la kujaribu jikoni palipo na moto. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha.

Ila ubaridi una mpaka wake. Mawese yakishuka chini ya nyuzi 30 na kitu huanza kuganda, na mchanganyiko utaonekana umekuwa uji mzito kumbe ni mafuta tu yameganda, kostiki bado haijafanya kazi. Ukimimina hivyo, joto linakuja baadaye kwa kasi, wakati umeshaondoka. Kwa mchanganyiko wenye mawese mengi mimi sishuki chini ya nyuzi 33.

Tui na asali. Vyote vina sukari, na sukari inapandisha joto. Tui likipata joto kubwa hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu kali ya amonia. Harufu hupungua sabuni ikikaa, rangi hairudi. Nagandisha tui kwenye trei za barafu, natumia maji mara moja na nusu, namimina kwenye vikalibu vidogo na kuviweka kwenye deli. Asali kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mafuta kinatosha. Wanaozidisha ndio wanaokuta sabuni imevimba na kupasuka juu. Ukikuta ufa unaanza, ondoa kanga, weka boksi kwenye hewa, ubonyeze ufa ufunge kwa mwiko ukiwa na glavu. Mafuta ya karafuu pia yana tabia ya kuharakisha na kupasha, yaongeze mwishoni kabisa na uwe umeshaandaa vikalibu.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa yanapatikana. Hapana. Yale yanaunguza ngozi; waulize wanaobangua kwa mikono. Mafuta ya kiini cha korosho ni kitu kingine na yanafaa, ingawa kwa bei ya korosho sioni faida ya kuyatia kwenye sabuni.

Masika ikiingia sabuni zilizopangwa kwenye kichanja huanza kutoa vitone vya maji. Hiyo ni glisarini inavuta unyevu wa hewa, si kostiki inavuja, na haina uhusiano na jeli. Zitenganishe, washa feni, usizifunge kwenye plastiki. Wiki nne hadi sita za kukomaa zinabaki palepale, iwe imepita jeli au haikupita. Kukazana mapema si kukomaa.

Na hiyo yenye duara? Ikikomaa nayo inaogewa kama nyingine. Mimi nazikata vipande vidogo vya kunawia mikono, duara halionekani sana, nazipeleka kwa mama ntilie wa stendi kwa bei ya chini. Hawajawahi kuuliza.