Kisu cha CNC ni cha mviringo, kona ya mraba haitoki

Juzi nimeletewa tena mchoro wa kasha la alumini la kuwekea saketi. Kina cha milimita 40, na kona zote nne za ndani zimechorwa za mraba kabisa, kama sanduku la mbao. Nilipomwambia mteja kwamba kona hizo hazitoki hivyo, akanijibu maneno ninayoyasikia karibu kila mwezi: "Si ni CNC, fundi? Kompyuta inakata yenyewe."

CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, lakini kompyuta inaongoza tu. Anayekata ni kisu, na kisu hicho ni cha mviringo na kinakata kikizunguka. Kikiingia kwenye kona kinaacha upinde wenye nusu kipenyo sawa na chake: kisu cha milimita 10 kinaacha upinde wa 5. Hakuna programu ya kubadilisha jambo hilo. Hata mashine ya mihimili mitano, yaani inayosogea na kuinama pande tano, inashika visu vilevile.

Hapo mteja husema, basi tumia kisu kidogo. Huyu nilimpa kisu cha milimita 2 akishike mwenyewe. Unene wake ni wa kijiti cha meno. Ili kifike chini ya kasha lake kingelazimika kuchomoza mara 20 ya kipenyo chake. Kisu ukikirefusha mara mbili, kinapinda mara 8 kwa nguvu ileile. Ukikipunguza unene kwa nusu, kinapinda mara 16. Ndiyo maana sipendi kina kinachozidi mara 4 ya kipenyo. Ukipita hapo sana kisu kinatetemeka, ukuta unatoka na mawimbi unayoyahisi kwa ukucha, na mwisho kisu kinakatikia ndani ya kazi iliyokaribia kuisha.

Naomba wachoraji wanisikie kwenye hili: kona ya ndani ichoreni kubwa kidogo kuliko kisu. Kama ni kisu cha milimita 10, wekeni nusu kipenyo cha 6, msiweke 5. Kwenye 5 kamili kisu kinafika konani kinasimama, kinabanwa pande mbili kwa mpigo, kinapiga kelele na kuacha alama. Kwenye 6 kinageuka bila kusimama. Na kama kitu cha mraba ni lazima kiingie, tunatoboa tundu dogo kwenye kila kona ili ncha zake zipate pa kukaa. Kukata kwa cheche za umeme kunaweza kukupa kona kali zaidi, lakini ni kazi ya taratibu na ya gharama, na kasha la saketi haliihitaji. Kwa mteja huyu tulizungusha kona za bodi yake ya saketi kwa tupa, maana kwenye kona hizo hapakuwa na sehemu yoyote ya saketi, na ikaingia vizuri.

Wapo pia wanaoandika toleransi, yaani kosa linaloruhusiwa, ya milimita 0.01 kwenye kila kipimo. Vipimo vya uhandisi huhesabiwa kwenye nyuzi joto 20. Alumini hutanuka takriban mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kipande cha milimita 200 hapa Dar es Salaam, karakana ikiwa na nyuzi 32, kimeshaongezeka milimita 0.055 kabla sijakigusa. Niombeni usahihi huo panapokaa beringi. Kwingine 0.1 inatosha.

"Alumini ni alumini" nayo si kweli. Aina zenye mchanganyiko kama 6061 na 6082 zinakatika vizuri. Alumini laini isiyo na mchanganyiko inanata kwenye kisu. Iliyoyeyushwa kutoka sufuria na vyuma chakavu mara nyingi ina vitundu ndani, na hesi (njia ya skrubu) uliyoikata humo inaweza kung'oka siku ya kwanza.

Ukuta mwembamba kupunguza uzito? Chini ya milimita 1 unakikimbia kisu, kisha unarudi, hivyo unatoka mnene juu kuliko chini. Ukichimba sana upande mmoja wa bamba, ukilifungua kwenye jiriwa linajipinda, kwa sababu ya mkazo uliokuwa umejificha ndani yake. Acheni milimita 2 kama mna nafasi.

Na kipande kimoja hakiwi rahisi kwa sababu ni kimoja. Kuandika programu, kufunga na kuseti mashine kunachukua muda uleule, kiwe kimoja au viwe 50.

Leteni mchoro kabla hamjaagiza bodi ya saketi. Wakati huo kona tunazirekebisha kwenye kompyuta kwa dakika chache, tupa inabaki kwenye droo.